Mnyama wa Vidole Vinne

Siku ya kwanza kazini babu hakupewa meza. Alipewa ndoo, akaambiwa alowanishe udongo wa ufukweni, kisha atembeze kanga, yule ndege, juu yake. "Nilidhani wananitania," aliniambia.

Kumbe ndiyo kazi yenyewe. Kituo chao hapa Mwanza kilichunguza nyayo za visukuku, yaani nyayo za wanyama wa kale zilizobaki kwenye majivu ya volkano yaliyogeuka mwamba. Mnyama mwenyewe hayupo tena. Basi unamtembeza aliye hai kwenye tope, unamimina plasta kwenye alama zake, na ikikauka unailinganisha na jiwe. Mkuu wa kituo wa kwanza alikuwa mkali. Aliyemfuata hakutaka kuchafua viatu. Ambaye babu humsifu mpaka leo ni wa mwisho, Mama Mkuu.

Wakati wake mashirika ya umma yalikuwa yanauzwa, wafanyakazi wanapunguzwa, na kituo nacho kilitajwa kufungwa. Ndipo likaletwa jiwe lenye nyayo kubwa za vidole vinne. Kiboko ana vidole vinne, lakini nyayo za kiboko wa ziwani hazikulingana nazo. Ofisini wakaanza kunong'ona: mnyama mpya! Wafadhili watakuja, kazi zetu zitabaki.

"Masanja," Mama Mkuu akamwambia babu, "hatujajaribu ng'ombe."

"Mama, ng'ombe si ana kwato mbili tu?"

"Tumjaribu."

Wakaazima ng'ombe Usagara. Mwenye ng'ombe akauliza, "Kwani kafanya kosa gani?"

"Hana kosa, mzee. Ni shahidi tu."

Aliposwagwa mbio, alama za miguu ya mbele na ya nyuma ziliachana. Alipotembea polepole, mguu wa nyuma ulikanyaga karibu juu ya alama ya mguu wa mbele. Kwato mbili na mbili, kama vidole vinne! Sawasawa na jiwe. Kumbe aliyeacha nyayo zile za kale alikuwa mnyama wa jamii ya nyati, anajitembelea zake.

Babu akaona kazi yake inazama kwenye tope lile. "Mama, tungengoja kidogo kabla ya kuripoti?"

"Tukingoja, jiwe litabadilika?"

Akaripoti. Kituo kikafungwa. Siku ya kuagana alimpa babu plasta ya ule unyayo wa ng'ombe, na sasa iko sebuleni kwetu Mkolani, karibu na redio.

Leo mwalimu wa biolojia aliuliza tunawajuaje wanyama waliokufa zamani. Nilijua, ila mkono ulikataa kunyooka. Jioni nikamwomba babu plasta niende nayo shule.

"Watataka kujua ni mnyama gani," nikasema. "Watanicheka."

Babu akaifuta vumbi kwa shati lake mwenyewe, akanikabidhi.

"Waambie ng'ombe," akasema. "Mama Mkuu alisema hivyo mbele ya wakubwa, na kazi yake ikaondoka. Wewe mbele yako ni darasa tu."