Uzio wa Matete Kwenye Bwawa Langu

Hapa kwetu karibu na Masafu watu bado wananicheka kwa sababu ya suruali, nami nacheka nao, maana heri wacheke suruali kuliko wakumbuke lile lenyewe.

Miaka ya sitini, Uhuru ukiwa bado mpya, nilikuwa na bwawa dogo la udongo, nililijenga mwenyewe kwa jembe nimwagilie nyanya zangu, na pembeni ya tuta nikachimba mfereji wa kutolea maji yakizidi. Tatizo likawa samaki. Kila mvua ikinyesha ngege walitoka kwa mfereji ule wakaenda zao, na Jumamosi moja wakwe zangu walikuwa wanakuja kwangu mara ya kwanza, nami (mdomo wangu huu!) nilishajigamba kwamba watakula samaki wa bwawani kwangu. Basi nikafuma uzio wa matete nikauweka mferejini, eti maji yapite, samaki wabaki.

Chini ya tuta kulikuwa na shamba la wimbi (ulezi) la Mama Taaka, mjane aliyelea wajukuu wawili, na wimbi lilikuwa limeiva. Ijumaa mvua ilipokolea akaja.

"Wandera mwanangu, maji nakuja juu. Toa hii matete, wacha maji napita."

"Mama, tuta nimejenga mwenyewe. Wewe lala tu."

Jumamosi mchana wageni wameketi, mvua imenyesha tena, mke wangu akaja mbio kusema maji yanapita juu ya tuta. Nikakuta uzio umenasa nyasi hadi umekuwa ukuta. Na mimi, mjinga wa kutupwa, kabla ya kuingia majini nikavua suruali yangu mpya ya kutoka Tororo, nikaikunja vizuri, nikaitundika mtini. Nilipoyashika matete tuta likakatika, maji yakanizoa, yakanibwaga bondeni na chupi tu, mbele ya wakwe waliokuja kutazama, na mama mkwe wangu ndiye aliyekuwa mbele, mtu ambaye kwa desturi yetu hata mkono simpi. Akajifunika uso kwa leso, akageuka. Baadaye waliondoka bila kula.

Nilipoinuka nikalitafuta shamba la Mama Taaka. Halikuwepo. Palikuwa na tope tupu na ngege wangu wanarukaruka, na Mama Taaka ameinama anawaokota mmoja mmoja katika kikapu cha kuvunia wimbi. Nikajua atanitukana, na nilitamani anitukane. Akaniletea kile kikapu.

"Chukua, Wandera. Pelekea wageni yako. Wametoka mbali."

Nikalia pale pale, mtu mzima, bila suruali.

Mwaka ule wajukuu wake walikula muhogo wangu, na kila jioni alikuja kushukuru, na kila shukrani ilinichoma. Bwawa sikulijenga tena. Ngege nao wakipikwa nyumbani, mimi huomba mboga za majani.