Tundu la Pili la Nduwayezu

Jirani yangu Nduwayezu ni mchoma tofali aliyezeekea kwenye moshi, ila ubishi wake bado kijana. Mwaka huu alinunua bajaji ya umeme ya kubebea abiria hapa Kasulu. Kwenye milima yetu boksi la betri, lililo chini ya siti ya abiria, lilikuwa linachemka mpaka siti inakuwa ya moto na bajaji inazima yenyewe.

Feni ilikuwepo upande wa kulia, ikivuta hewa iliyoingia kwa tundu moja la kushoto. Nduwayezu alicheka.

"Tanuru la mdomo mmoja litaivisha tofali gani?" aliniuliza.

Kwa tanuru yuko sahihi: midomo ikiongezeka, upepo unaongezeka. Akatoboa tundu lingine, kubwa, karibu kabisa na feni. Ukiweka kiganja unasikia hewa inavyovutwa. Hata mimi nilimsifu.

Jumatatu tulimpeleka kliniki binti yake Prudence, mwenye mimba ya miezi minane. Baba mtu akamkalisha kushoto, mbali na kelele za feni. Mimi nikakaa kulia, mzee akaendesha.

Katikati ya mlima nikasikia harufu ya plastiki. Feni ilikuwa inavuma vizuri, na chini yangu ubaridi mtupu. Mara Prudence akapiga ukelele.

"Dawe, simama! Naungua!" alimwita baba yake.

Tulimshusha kwa kumvuta, tukamweka mbali. Nduwayezu akainua siti. Betri za upande wangu zilikuwa baridi kama mtungi. Za upande wa Prudence zilikuwa zimevimba zinafuka moshi, na sponji aliyokuwa ameikalia ilikuwa imeungua, nyeusi tii. Hewa ilikuwa inaingia kwa tundu jipya na kutokea hapo hapo kwenye feni, kule kushoto haifiki kabisa. Siku zote tulikuwa tunasifu upepo wa kulia, na hakuna hata mmoja wetu aliyegusa upande wa pili! Nikakaa chini kwenye vumbi.

"Mana yanje," mzee alisema, akimwita Mungu wake. "Mana yanje."

Prudence alisogea hatua chache, mikono tumboni, akalitazama lile boksi.

"Hili tundu la huku kwenye feni katoboa nani?"

"Ni mimi."

"Kwa nini, Dawe?"

 Sauti ya mzee niliisikia kwa shida.

"Nilitaka usiungue, mwanangu."