Salamu Kwanza, Shida Baadaye

Mume wangu alipofanywa mnyapara kwenye mashamba ya miwati, miti inayochunwa magome ya kuuzwa, huku kwetu Njombe, enzi za Mwingereza, nilidhani mambo yametunyookea. Kumbe nimeolewa na gogo. Anarudi gizani, anaanguka kitandani, ugali hata hajaugusa. Mnyapara gani huyo anayechoka kuliko vibarua wake? Nilimwonea huruma, na hasira nilikuwa nayo pia, sikufichi.

Basi kampuni ikamleta mkaguzi, Mzungu aliyekijua Kiswahili, apite majumbani kwa wanyapara aulize kila mmoja anapungukiwa nini katika kusimamia watu. Mwenye haja angepelekwa mafunzoni Iringa. Nikasema moyoni, afadhali, sasa nitarudishiwa mume wangu.

Mgeni akaketi. "Kazi inakusumbua wapi?"

"Hainisumbui, Bwana," akajibu mume wangu.

"Watu wanakusikiliza?"

"Wananisikiliza vizuri."

"Hakuna shida yoyote?"

"Hakuna kabisa."

Mkaguzi akainuka amefurahi. Alisema wanyapara wote aliowatembelea hawana shida, hivyo hakuna wa kupeleka Iringa.

Nikaitua birika mezani kwa kishindo. "Bwana, kaa kwanza. Hapo umemsalimia tu. Kwetu hata mgonjwa husema hajambo, ndipo baadaye aseme anaumwa wapi. Kunywa chai, halafu muulize tena."

Mume wangu alinikata jicho, lakini mgeni alikaa. Wakaongea habari za mvua, za mahindi, za baridi ya mwaka ule. Kikombe cha pili kikaisha. Mkaguzi akauliza tena, taratibu.

Mume wangu akainama. "Bwana, wengi wa vibarua wangu ni rika la baba yangu. Naona haya kumwamrisha mzee achune magome. Basi nachuna mwenyewe."

Mkaguzi hakucheka. Nilicheka mimi, mpaka nikatoka nje.

Alirudia nyumba zote, safari hii akianza na chai, na lori lililopita Makambako kwenda Iringa likajaa wanyapara. Huko mume wangu alifundishwa kugawa vibarua makundi, kila kundi na mkubwa wake. Wazee wakawa wanaamrishana wenyewe kwa wenyewe.

Jioni ya kwanza aliporudi kazini, aliingia nyumbani jua bado linawaka. Nikamwuliza kama anaumwa. Akasema ana njaa. Tukala ugali wa moto, sisi wawili, tukiongea mpaka sufuria ikabaki tupu.