Aliyesomea kwa Mama

Bi Mahfoudha alikuwa mwalimu wa skuli ya wasichana Unguja kwa miaka minne, kisha akaolewa na Tuwaini, mwenye duka kando ya ziwa huko Rumonge, Burundi. Skuli iliyokuwapo karibu ilikuwa ya mapadri, na Tuwaini hakutaka mwanawe akalelewe katika dini isiyo yake. Mahfoudha hakubishana. Yaarub alipotimia miaka mitano, mama yake alichukua mfuniko wa kasha la chai, akaupaka masizi yaliyokorogwa kwa uji wa muhogo, akautundika chumba cha nyuma. Hiyo ndiyo ikawa skuli.

Na ilikuwa skuli kwelikweli. Saa moja na nusu asubuhi mtoto awe ameshaoga, kavaa shati safi, kasimama wima kusema, "Shikamoo, mwalimu." Mpaka adhuhuri Mahfoudha hakuitwa mama. Alimsomesha hesabu, jiografia, Kiswahili na Kiingereza, na Kiarabu kwa kadiri alivyokijua mwenyewe, yaani kidogo. Kila miezi mitatu alimwandikia ripoti, wala hakumpendelea. Kwenye mstari wa Kiarabu, mwaka hata mwaka, aliandika: dhaifu.

Mwaka 1975 walihamia Ibra, Omani, kwa jamaa zake Tuwaini. Barabara zilikuwa zinachongwa, skuli zinajengwa, na jeshi linatafuta vijana wa kufundishwa uafisa. Yaarub alikuwa na miaka kumi na minane, mrefu, mpole, hodari wa mbio, akaona kazi yake ndiyo hiyo. Akaenda Maskati kujiandikisha. Alipimwa macho na kifua, akakimbizwa maili mbili pamoja na wenziwe akatoka wa pili. Kisha akaulizwa shahada yake iko wapi.

Akatoa zile ripoti, zimeshonwa kwa uzi mweusi. Afisa mwandikishaji alikuwa mtu wa Sur aliyewahi kukaa Mombasa, Kiswahili anakijua. Alizisoma moja moja, hata ile mistari ya "dhaifu," akazifunga vizuri akamrudishia. Alimwambia hana shaka kwamba amesoma, ila khati ya mama si khati ya serikali. Akipata shahada ya skuli ya kati kabla ya kutimiza miaka ishirini na mmoja, arudi.

Tuwaini aliposikia akasema jambo hilo lina njia. Alikuwa na rafiki aliyeweza kuwatolea cheti cha skuli moja ya Bujumbura iliyokwisha kufungwa, na muhuri juu yake, na hakuna ambaye angekwenda kuuliza. Alisema hivyo kwa nia njema, mbele ya chakula. Mahfoudha aliuweka mkono chini asile.

"Mwanangu hakusoma huko," alisema. "Kasoma kwangu. Ukimpa cheti cha watu, miaka yangu yote kumi na mitatu umeifuta."

Tuwaini hakulitaja tena.

Wiki ile ile Mahfoudha alivaa buibui lake akaenda idara ya elimu. Karani, kijana wa heshima aitwaye Marhun, alimweka kitako akampa kahawa. Akamweleza kwamba kuna masomo huru: mtu husoma nyumbani kwake, kisha hufanya mtihani wa serikali pamoja na wanafunzi wa skuli, na akifuzu hupewa shahada kama wao. Lakini mitihani yote ni kwa Kiarabu, hata hesabu na jiografia. Kisha akamwuliza, bila ya ubaya, yeye mwenyewe shahada yake ya ualimu anayo.

Mahfoudha aliweka kikombe chini. Yake ilibaki Unguja katika nyumba ambayo sasa wanakaa watu wengine.

"Hayo masomo huru," aliuliza, "yana mipaka ya umri?"

"Hayana, mama."

"Basi andika majina mawili."

Aliyewasaidia ni jirani yao, Bi Kaltham, mke wa imamu. Huyu alizaliwa Nizwa katika nyumba ya wanavyuoni, akasomeshwa nahau, yaani sarufi ya Kiarabu, na baba yake tangu utotoni, wala hajapata kuingia skuli maisha yake. Kila baada ya alasiri Mahfoudha na Yaarub walikwenda kwake, mama ukumbini upande wake, kijana karibu na mlango. Mahfoudha alikuwa na miaka arubaini, na ilimwia ajabu kurudi kuwa mwanafunzi. Alikosea, akasahihishwa, akakosea tena. Yaarub alikuwa akiona haya mbele ya mama yake, na haya ile ilimfunga ulimi.

Matokeo yalibandikwa ukutani kiangazi cha 1976. Jina la mama lilikuwamo, la mwana halikuwamo. Kiarabu ndicho kilichomwangusha.

Yaarub alimbusu mama yake kichwani akampa hongera, na hongera ile ilimchoma Mahfoudha kuliko kama angalilia. Alimwambia waanze upya kesho yake. Kijana akajibu kwa adabu kwamba hataki kusoma tena, na kwamba amepata kazi Firq, karibu na Nizwa, katika karakana ya malori. Akaenda. Mahfoudha hakumzuia, lakini kwa miezi kadhaa hakuvigusa vitabu. Alijiuliza kama hakumharibu mtoto kwa kumfungia chumbani na mwalimu mmoja tu, ambaye alichokosa yeye, mtoto naye amekikosa.

Huko karakana hakukuwa na mtu wa kusema naye Kiswahili. Mafundi walimkejeli mwanzo, kisha wakamzoea, na mkubwa wao, mzee mpenda magazeti, akawa anamtaka amsomee kwa sauti wakati wa chai, huku akimkatiza kila anapokosea. Siku moja katika Shaabani Yaarub alirudi Ibra, mikono ina mafuta mpaka kwenye viwiko, akaketi kwa Bi Kaltham akasoma ukurasa mzima bila kusita. Mahfoudha alisikiliza kutoka upande wake wa ukumbi. Alifurahi moyoni, na papo hapo aliona wivu, kwamba waliofanikiwa pale alipokwama yeye ni mafundi wa malori. Wivu ule aliucheka mwenyewe baadaye, akamsimulia Tuwaini.

Mwaka 1977 Yaarub alirudia mtihani, akafuzu. Katika usaili wa jeshi maafisa walimwuliza alisomea wapi, naye alijibu kwa mama yake, na kwa Bi Kaltham, na Firq chini ya malori. Wakacheka, wakamkubali. Alikuwa amebakisha miezi minne tu kufika umri wa mwisho.

Mahfoudha naye, kwa shahada ile ile, aliajiriwa kufundisha wanawake watu wazima hapo Ibra. Alifanya kazi hiyo miaka mingi. Kiangazi cha 1986 wanafunzi wake kumi na mmoja walikwenda kufanya mtihani wa serikali, mmoja wao bibi mwenye wajukuu. Mwalimu haruhusiwi kuingia chumba cha mtihani, basi alitandika mkeka nje kivulini pamoja na watoto na waume waliosindikiza, wakamiminiana kahawa, wakangoja.