Kinu Chini ya Lori

Jumanne iliyopita, mwezi wa Rajabu ukiwa bado mchanga, lori la baba lilikatwa vipande mbele ya nyumba yetu Timbwani na kuuzwa kama vyuma. Baba mwenyewe alitangulia mwaka jana. Lori lilibaki pale pale alipoliegesha, ubavu wake wa kushoto umegusana na baraza, magurudumu yameisha upepo, kuku wakitaga chini ya kiti. Nilikuja kutoka Kisauni ninakokaa siku hizi ili mama asiwe peke yake siku hiyo. Sikulia. Nilisimama nikatazama moto wa gesi ukipita kwenye springi za nyuma, nikakumbuka zilivyowekwa.

Lilikuwa lori la nazi. Baba alizipakia nazi kwenye mashamba ya ndani, kusini mwa Likoni, akavuka nazo feri, akaenda kuzishusha Kongowea. Ukipanda ndani ulikuwa unakutana na harufu ya makumbi yaliyolowa, dizeli, na mafuta ya nazi aliyojipaka bibi. Bibi, mama yake baba, alikuwa na kiti chake mbele, upande wa mlango wa kushoto, na hakuna aliyekikalia, hata asipokuwemo. Mara mbili kwa mwezi baba alimpeleka shamba kwa dada yake. Huyo dada tulimwita bibi mkubwa. Alikuwa hana macho, hakuzaa, na aliishi peke yake katika nyumba waliyozaliwa wote wawili, akiangaliwa na majirani.

Njia ya kuingilia huko ilikuwa na mifereji miwili iliyochimbwa na magurudumu, na katikati yake tuta la udongo na mawe. Kila masika mifereji ilizidi kwenda chini na tuta likabaki, likawa kama linaota. Lori likifika hapo lilikalia tuta kama kuku aliyeatamia mayai, magurudumu yanazunguka bure. Masika moja bibi hakufika kabisa. Watu waliotoka huko wakaleta salamu kwamba bibi mkubwa anauliza kila siku kama mdogo wake yu hai, au wanamficha.

Pikipiki ndiyo kwanza zilikuwa zimeanza kuzoeleka. Mama alipomtajia, bibi alisema, "Nimkumbatie kiuno mwanamume nisiyemjua, njia nzima? Astaghafirullahi."

Baba hakuwa mtu wa maneno mengi. Siku moja baada ya chakula alinawa, akafuta mikono, akasema, "Nitaliinua."

"Utaliinua nini?" mama akauliza.

"Lori."

Alikwenda mpaka kwenye lile tuta akiwa na upongoo, ule uti wa kuti la mnazi, akausimamisha ndani ya mfereji na kuukata palipolingana na mgongo wa tuta. Kipimo kilikuwa hicho tu. Akarudi nacho nyumbani, akakisimamisha chini ya lori, chini ya lile bonge la chuma linaloning'inia tumboni mwake ambalo madereva huliita giaboksi. Upongoo haukuingia. Ulizidi karibu shibiri. Sote tuliushika ule upongoo na kuutazama, mama, mimi, majirani waliopita. Bibi aliushika pia, akaupigapiga kiganjani, akasema, "Haya. Kumbe ni kijiti hiki tu kinachoniweka mbali na dada yangu."

Kulikuwa na gereji Changamwe ambazo zingeifanya kazi hiyo, lakini baba alitaka ifanyike nyumbani, mbele ya macho yake. Akamleta fundi wa springi aliyekuwa jirani yetu, mtu mfupi mwenye sauti nzito, na utingo wa lori letu wa siku zote, kijana wa bara aliyekuwa hajazoea bado lugha ya pwani. Springi, kama hujapata kuziona kwa karibu, ni vyuma virefu bapa vilivyopinda, vimelaliana kimoja juu ya kingine, na lori lote linakaa juu yake. Za kwetu zilikuwa zimebeba nazi miaka mingi mpaka zimenyooka. Fundi alitaka kuzirudishia tao lake, aongeze vyuma vingine kutoka kwa lori lililokufa, halafu atie bolti ndefu zaidi za kuzifunga. Mbele na nyuma. "Tukiinua nyuma tu," alisema, "litakuwa kama mtu anayetafuta sindano."

Jeki ilikuwa moja. Magogo ya kukingia yakatosha upande mmoja, upande wa pili yakapungua. Baba alizunguka ua akitafuta, akapiga teke hiki na kile. Bibi alikuwa jikoni anatwanga kisamvu. Mchi ukanyamaza. Akatoka, akijifuta mikono kwenye leso.

"Chukueni kinu changu," alisema.

Lazima nikwambie kinu kile kilikuwa nini. Alikuja nacho kutoka shamba alipoolewa, kilikuwa cha mama yake. Kilikuwa cha mti mgumu, kizito, cheusi kwa mikono ya watu, na mdomoni kilikuwa na pengo dogo lililolika upande mmoja. Sisi watoto hatukuruhusiwa kukikalia wala kukitia mguu. Ukijaribu ulikuwa unamsikia kutoka chumbani, kama aliyekuwa akikungoja: "Kinu kinakutia chakula kinywani, wewe wakitia makalio!" Sasa akasimama akawatazama wanaume watatu wakikiviringisha uani, wakakipindua mdomo chini, wakakisukuma chini ya lori. Baba akalegeza jeki taratibu. Lori likashuka, likagusa, likatulia. Kinu kikalia mara moja, sauti kavu, kisha basi.

"Kimekubali," akasema fundi.

"Kisikubali kwa nini?" bibi akajibu. "Kimezoea kupigwa."

Lori likakaa juu ya kinu siku kadhaa. Mchana kutwa ilikuwa nyundo. Fundi alikiweka chuma cha springi juu ya kipande cha reli, akakipiga hatua kwa hatua, akakisogeza, akakipiga tena. Utingo alipomuuliza kwa nini asikitie motoni akapumzika, alijibiwa, "Ukikitia motoni kitalainika, kije kinyooke huko njiani, na wewe ndiye utakayelala chini yake. Piga." Jirani mwenye mtoto mchanga alitokeza kichwa juu ya ukuta. "Jamani, mnajenga meli?" Kazi yangu mimi ilikuwa kuosha nati ndani ya kopo la dizeli kila nikitoka shule. Harufu haikutoka kwa sabuni. Mwalimu alinihamishia dawati la dirishani, akasema si adhabu, ni kwa ajili ya pua za wenzangu.

Kisamvu hakikupikwa tena. Mama aliuliza mara moja tu kinu kitarudi lini, tukala mchicha, kisha mchicha, kisha dagaa. Bibi hakulalamika. Alikaa barazani akitia sukari, sabuni na tambuu ndani ya kikapu, halafu anatoa, anapanga upya. Alikuwa anamwandalia dada yake.

Siku lori liliposimama kwa miguu yake, baba alichukua upongoo akaupitisha chini ya giaboksi. Ukapita umesimama. Utingo akapiga mluzi. Fundi alizunguka lori mara nyingi zaidi ya ilivyohitajika, kama bwana harusi anayejitazama. Kinu kilikuwa kimepata alama ya chuma kwenye kitako, basi, hakikupasuka. Mama akakisukuma mpaka ukutani kwenda kukiosha.

Asubuhi ya kesho yake bibi alitoka na buibui lake jipya na kikapu mkononi. Majirani walikuwa nje, maana kila mtu alijua anakwenda wapi. Baba akamfungulia mlango. Bibi akashika chuma cha mlangoni, akainua mguu.

Mguu haukufika.

Akajaribu mguu wa pili. Kikanyagio kilikuwa sasa kinamfika karibu na kiuno. Tulikuwa tumepima tuta, tumepima giaboksi, tumepima bolti. Bibi hatukumpima. Baba aligeuka akaanza kulikagua gurudumu ambalo halikuwa na tatizo lolote.

"Shosho," utingo akasema kwa nia njema kabisa, "nikusukume kidogo?"

"Shosho ndiyo nini?"

"Ni… ni nyanya, kwetu."

"Basi nyanya wa kwenu umsukume kwenu. Mimi si gunia la nazi."

Watu wakacheka, na yeye mwenyewe alicheka kidogo, lakini nilimwona anavyoshika kikapu. Mama akamsogelea akamnong'oneza kwamba lori liingizwe ua wa nyuma, wamwinue wanawake peke yao. Bibi akakataa. Akampa baba kikapu.

"Mpelekee. Mwambie niko."

Baba alikipokea. Alisimama nacho kama mtu aliyepewa mtoto wa watu. Kisha akasema kwa sauti ya chini, "Nitalishusha, mama. Tutazitoa zile springi."

"Ukilishusha halifiki," bibi akasema. "Ukiliacha sifiki mimi. Sasa utafanya lipi?"

Bibi alitazama lori, akatazama barabara, halafu macho yake yakaenda ukutani na kukaa hapo.

"Leteni kinu."

"Mama," mama akashtuka, "kinu?"

"Kimebeba lori. Kitashindwa na mimi?"

Wakakileta, wakakipindua mdomo chini mbele ya mlango. Bibi alivua ndara kama anayeingia ndani kwa watu. Akasema bismillahi, akakanyaga kinu cha mama yake kwa mguu mtupu, akasimama juu yake, na kutoka hapo akaingia kwenye kiti chake bila kuguswa na mtu. Kinu kikapakiwa nyuma, maana huko nako kulikuwa na kushuka. Mimi nikapakatwa.

Tulipofika kwenye tuta, baba alizima redio. Tulitega masikio kusubiri ile sauti ya chuma kukwangua mawe. Hatukuisikia. Lori lilipita juu ya tuta kama halipo. Bibi alinibana tumbo kwa mikono yake mpaka nikaumia.

Bibi mkubwa alikuwa amekaa mlangoni na fimbo yake. "Nani huyo?" akaita. "Mbona sikulisikia likikwangua?" Miaka yote hiyo, kumbe, kwake ile sauti ya lori kukwangua tuta ndiyo ilikuwa hodi ya mdogo wake. Bibi akaita kutoka juu, "Ni mimi, dada. Shikamoo." Yule kizee akaanza kulia kabla ya kuitikia.

Utingo akashusha kinu, bibi akashuka. Bibi mkubwa alikuja akipapasa hewa, mkono wake ukakutana na kinu kwanza. Akakizunguka kwa viganja, akauliza kimelala au kimesimama. Wakamwinulia. Vidole vyake vikapita mdomoni, vikafika kwenye lile pengo, vikakaa.

"Hiki cha mama," alisema.

"Cha mama."

"Na hapa ndipo ulipokiangushia mchi ukanisingizia mimi."

"Nilikuwa mdogo, dada."

"Ulikuwa mwongo."

Walikaa na kile kinu katikati yao mpaka alasiri. Walizungumza mambo ambayo sikuyafahamu. Wakati wa kuondoka bibi alikikanyaga tena, akapanda, na alipokwisha kukaa akatoa kichwa dirishani. "Kiacheni," alisema. "Kimefika." Baba alimtazama, akataka kusema, akawasha gari.

Alichotaka kusema nilikijua baadaye. Nyumbani bibi atashukia nini? Tulipofika Timbwani baba hakuingia mahali alipozoea kuegesha. Alilisogeza lori mpaka kwenye baraza, karibu, karibu zaidi, mpaka chuma kikaukwangua ukingo wake na chokaa ikamwagika. Wazee waliokuwa wakinywa kahawa wakainua miguu. Mlango ukafunguka juu ya vikombe vyao, kikanyagio sawasawa na baraza. "Shuka, mama," baba akasema. Bibi akashuka kama anayetoka chumba kimoja kuingia kingine.

Tangu siku hiyo lori liliegeshwa hapo. Bibi alipanda na kushukia barazani miaka yake yote iliyobaki. Bibi mkubwa alipokufa, nyumba ya shamba ilianguka, na kinu sijui kilikwenda wapi. Nilipata kuuliza, sikupata jibu. Bibi naye akafuata. Fundi alimwambia baba sasa anaweza kulishusha, litatumia mafuta kidogo na halitayumba. Baba akasema ataona. Hakulishusha, na aliendelea kuliegesha ubavuni mwa baraza ingawa hapakuwa tena na wa kushushwa. Siku ya mwisho aliyoendesha, kifua kikiwa kimeshambana, alizima gari, akasota juu ya viti kutoka kwenye usukani mpaka upande wa kushoto, akafungua mlango wa bibi, akashukia barazani. Hakupanda tena.

Wakataji walimaliza baada ya adhuhuri. Mlango wa kushoto ndio walioutoa mwisho. Mmoja wao aliona ule ukingo wa baraza uliokwanguliwa, akaniuliza, "Mama, hapa palipigwa na nini?"

"Na lori," nikamwambia.

Akatikisa kichwa, akabeba mlango, wakaenda. Mama alitoka na ufagio, akafagia chembe za chuma barazani. Halafu akaleta ungo wake, akaketi palipokuwa pakifungukia mlango, akaanza kuchagua mchele.