Kikohozi cha Mama

Likizo hii nilikuwa nacheza drafti na binti yangu nyumbani kwa wazazi wangu, Lushoto. Mama, aliyekaa nyuma yangu akimenya viazi, akaanza kukohoa. Kikohozi kile nakijua.

Mwaka ule nilikuwa mdogo kama binti yangu sasa, shule zimefungwa, mvua inapiga bati tangu asubuhi. Jiko zima lilinuka moshi na tangawizi. Baba alipanga vizibo vya soda ubaoni, akatangaza, "Atakayefungwa anakwenda kukata majani ya ng'ombe."

Mama alikaa nyuma yake na beseni la viazi. Nikigusa kete, anakohoa. Nikisita nikashika nyingine, ananyamaza. Nilidhani ni baridi ya masika, nikaacha mchezo nikammiminia chai.

"Pole, mama."

"Ahsante, mwanangu. Wewe cheza."

Nilimfunga baba mara tatu. Alivaa koti la mvua, akachukua mundu, akashuka bondeni. Nikajiona bingwa wa Usambara nzima.

Safari hii nimefungwa mimi, na ng'ombe hajui kusubiri. Baba, ambaye magoti hayamruhusu tena kushuka bondeni, alinisubiri mlangoni na koti lake.

"Baba, kumbe siku ile mama alikuwa anakohoa makusudi!"

"Nilijua tangu kikohozi cha kwanza," akasema, akinifunga vifungo kama mtoto. "Mvua yote ile, ningekutuma wewe?"