Mti Uliomlalia Bauma

Nakumbuka mti mmoja, mwanangu, ambao mpaka leo sijausamehe. Ulikuwa Itebero, kwetu msituni, miaka ile wazungu walipotulazimisha kulima mpunga. Kaka yangu Bauma alikuwa akifyeka shamba, mti ukageuka ukamlalia mapaja yote mawili. Tulichimba na kuunyanyua tangu umande haujakauka mpaka jua likapinda.

Tulipomtoa, alicheka. Hakuna mfupa uliovunjika. Furaha, mkewe, akamletea kasiksi, ile pombe yetu ya ndizi, naye akainywa yote. Wanaume wakampiga mabegani, wakamwita chuma. Mwanangu, usimshangilie aliyenyanyuka kabla hujaiona kesho yake.

Kesho yake mapaja yalivimba, yakakaza kama ngozi ya ngoma. Alitapika, akalia kiu. Alipokojoa, mkojo ulitoka mweusi kama kahawa. Mama alipouona alipiga ukunga.

"Banamulisha sumu! Nani alimupatia ile kasiksi?"

Sote tukamgeukia Furaha. Yeye alikuwa mtu wa Kirolirwe, wa milima ya Masisi, kwenye ng'ombe, na mgeni hana shangazi wa kumtetea. Wazee wakatikisa vichwa: kikulacho ki nguoni mwako. Alifukuzwa siku ile ile, mimba tumboni, bila hata kanga ya pili.

Kwetu aliyelishwa sumu hunyweshwa dawa ya kutapisha, na maji hupigwa marufuku, eti maji huitembeza sumu mwilini. Bauma alitapishwa hadi akabaki ngozi. Aliniambia, "Dada, nipatie maji kidogo tu." Mama alikuwa amekaa akiulinda mtungi wa maji. Nilimwogopa mama yangu kuliko nilivyomhurumia kaka yangu, na hilo linanichoma hadi sasa.

Mkojo ukapungua, halafu ukakatika kabisa. Hapo ndipo mjomba wetu alipokasirika, akaamuru abebwe kwa tipoyi, machela ya kubebwa mabegani, mpaka dispensere. Njia ni ndefu na milima haina huruma. Tulifika, lakini moyo wake ulisimama tukiwa bado mlangoni.

Muganga wa dispensere, baba mmoja mpole, alimpapasa mapaja, akauliza kilichotokea. Mama akasema sumu.

"Sumu iko, Mama," akajibu. "Lakini ilitoka mu mwili yake mwenyewe. Nyama ya muguu ikisagwa, inakufa, uchafu yake inaingia mu damu, inaziba mafigo. Na ule mtu anakosa maji, njo inamumaliza mbio."

Akatueleza aliyoyaona. Mbebaji mizigo aliyetembezwa juani bila maji. Mtu aliyechapwa fimbo ya serikali mpaka matako yakawa uji. Mwingine aliyepigwa na radi, mwingine aliyeumwa na nyoka. Si wote waliovimba, alisema. Mmoja alilalamika maumivu, mmoja alilegea tu asiweze kuinua mikono, mmoja hakuonyesha kitu ila mkojo mweusi. Na wapo ambao moyo ulikatika ghafla wakati watu walidhani wamepona.

Mama akauliza, kwa sauti ndogo, kama maji yangemponya.

"Sijasema angepona, Mama. Nasema mulimunyima."

Miezi michache baada ya maziko tulishuka na mjomba hadi Kashebere, ambako Furaha alikuwa amehifadhiwa na mama mmoja mwuza chumvi. Tulikwenda na mbuzi wa kuomba msamaha, kama desturi. Alikuwa ananyonyesha. Alimtazama yule mbuzi muda mrefu.

"Mbuzi niko naiona," alisema. "Bauma iko wapi?"

Tulirudi na mbuzi wetu, mama akiwa mbele, hageuki nyuma.

Basi nisikilize, mwanangu. Mtu akilaliwa na mti, akipigwa, akichoshwa na jua, au akiumwa na nyoka, kisha mkojo ukawa mweusi, usiulize nani kamroga. Uliza mwili wake umepatwa na nini. Kama anaweza kumeza, mpe maji, umkimbize kwa waganga wa dispensere siku ile ile, hata kama anacheka. Na mke wa watu usimhukumu kwa machozi ya mama mkwe. Maji yakimwagika hayazoleki.

Mungu akulindie viungo vyako, mwanangu. Akupe kiu ya kuuliza kabla ya kulaumu, na siku utakapoomba maji, akukute mtu asiyemwogopa mwenye mtungi.